Taa ya Iyunga na Kipimo cha Mkwe

Kijana mmoja anayesoma ufundi umeme alinijia juzi na daftari, akaniuliza taa ya kuning'inia inatakiwa iwe futi ngapi kutoka sakafuni. Nikamuuliza ni nani anaishi humo ndani. Akaandika swali langu kwenye daftari, akangoja jibu. Nikaona hawa watoto wana adabu, ila watafunga taa vibaya maisha yao yote kama hakuna mtu wa kuwaambia. Basi ninawaambia.

Siku hizi mnabandika taa darini kama mtu anayebandika stempu, mnaondoka. Zamani taa ilikuwa inaning'inia. Kulikuwa na kikombe cha darini, na humo unatoka waya wa kusokota uliovikwa uzi, mwisho wake holda, kwenye holda balbu. Vitu vinne tu, na mimi nimewahi kuvikosea vyote.

Nilifundishwa kazi Iringa na fundi Mgaya, Mbena mmoja mfupi, mpole, asiyecheka. Alikuwa jeshini wakati wa vita, akarudi na mguu unaouma siku za mvua na tabia ya kunyamaza. Ukikosea hakugombezi. Anakaa juu ya sanduku lake la vifaa, anawasha kiko, anakutazama mpaka ujigombeze mwenyewe. Mimi Mhehe, nimezaliwa nikijua kujibu, lakini mtu asiyesema neno utamjibu nini?

Kosa la kwanza kila fundi analifanya, na ninyi mtalifanya. Unapanda ngazi, unaunganisha waya vizuri, unakaza skrubu, unashuka, unajipongeza. Kisha unakiona kile kifuniko cha kikombe kimekaa mezani kinakutazama. Kilitakiwa kipitishwe kwenye waya kwanza, kabla ya kuunganisha. Unapanda tena, unafungua vyote. Mimi nilipanda ngazi ile mara tatu katika nyumba moja kule Ipogolo, na mara ya tatu mwenye nyumba aliniletea kiti.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ndani ya kikombe, waya lazima upigwe fundo, ili uzito wa taa ukae kwenye fundo, usikae kwenye skrubu. Nilisahau fundo katika hoteli moja ya mjini. Taa ilikaa siku nne, ya tano ikashuka yenyewe, ikatua kwenye supu ya bwana mmoja wa kilimo. Alikuwa mtu mstaarabu. Alisema tu kwamba hakuiagiza.

Sasa habari ya urefu. Kitabu cha mwajiri wetu kilisema futi saba, basi. Fundi Mgaya alikuwa na kitabu kingine, kichwani. Ukumbini alikuwa anamwomba mama mwenye nyumba ajitwishe debe la maji apite. Taa ikigusa debe, inapanda. Maana mwanamke wa kwetu haingii mikono mitupu, na kile kitabu kiliandikwa na watu ambao wanawake wao hawabebi kitu kichwani. Mezani alimkalisha baba kwenye kiti chake, akampa gazeti hata kama hajui kusoma, akashusha taa mpaka aache kukunja uso. Nilikuwa nasimama pale na futi mkononi, moyoni nasema mzee huyu anapoteza muda. Hilo ndilo kosa la tatu, na ndilo lililonipeleka kwenye aibu ninayotaka kuwasimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipotumwa Mbeya peke yangu kwa mara ya kwanza. Fundi Mgaya angenifuata baada ya wiki mbili. Nilisafiri na lori la mizigo, tukalala Chimala, nikala wali mpaka nikaona haya, kesho yake nikaingia Mbeya nimevaa suruali iliyopigwa pasi kwa ajili ya kuwaonyesha Wanyakyusa na Wasafwa fundi anafananaje. Kazi yenyewe ilikuwa nyumba za walimu kule Iyunga. Palikuwa na mashine ya dizeli, inawashwa jua likizama, inazimwa saa tatu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu Mwakalobo, kijana Mnyakyusa wa Tukuyu, mpole, mwenye madaftari ya kusahihisha yasiyokwisha. Mkewe aliitwa Tusekile, na walikuwa na mtoto wa miezi minne. Alikuwepo pia baba yake mwalimu, mzee wa miaka kama sabini, ameletwa kutoka milimani kwa ajili ya homa ya mapafu. Kila asubuhi mwalimu alimpeleka hospitali kuchomwa sindano. Daktari alikuwa amesema sindano zile ziishe wiki tatu bila kuruka hata moja, na mzee akae ndani, penye moto. Baridi ya mwezi wa sita Mbeya hamuijui ninyi mliozaliwa na masweta.

Nyumba ilikuwa na sebule moja, na jiko la mkaa liliwekwa humo humo jioni. Chumba cha mama na mtoto kiliingiliwa kwa kupitia sebuleni. Jiko la kupikia lilikuwa nje, nyuma. Yashikeni hayo matatu, ndiyo habari yote.

Nikafunga taa katikati ya sebule, futi saba kama kitabu kinavyosema, balbu kubwa, bila kofia, maana niliona kofia inabania mwanga. Mashine ilipowashwa, sebule ikawa mchana. Mwalimu akacheka kwa furaha. Mzee, aliyekuwa kwenye kiti chake cha pembeni, akaitazama ile taa, akasema kwa Kinyakyusa maneno mengi, mwalimu akanitafsiria kwamba baba anashukuru, na kwamba atawaeleza watu wa nyumbani kuwa mwanawe ana jua lake mwenyewe. Nilivimba kichwa.

Ila mama mwenye nyumba hakuingia. Nilimwona mlangoni na sufuria ya ndizi, khanga imemfunika kichwa mpaka puani. Aliutazama ule mwanga, akarudi nyuma haraka, akapotea. Nikajua mara moja kinachomsumbua, maana mimi nilikuwa mtaalamu. Anaogopa umeme.

Wanangu, nilimfuata hadi jikoni. Nilisimama pale kwenye moshi nikampa darasa. Nikamwambia umeme haumrukii mtu, hauvuji, haunuki, na hata Iringa akina mama wameuzoea. Alinisikiliza kwa heshima, ameinama, anachochea kuni. Nilipomaliza alinishukuru. Nikaona bado ana wasiwasi, nikaamua kumwondolea kabisa. Kesho yake nikaipandisha taa juu iwe mbali naye. Nikakata waya, nikabakiza shubiri moja tu, balbu ikawa karibu kugusa dari. Sasa mwanga ulifika hata uvunguni mwa viti. Nikaenda nyumba ya pili nikipiga mluzi.

Baada ya siku tisa mwalimu alinifuata kazini. Alikuwa amekonda. Akaniambia mzee anaondoka Jumamosi, amekwisha kufunga mzigo, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Sindano zilikuwa zimefika nusu. Daktari amemwambia wazi kwamba mzee akizikatisha na kurudi kwenye ukungu wa milimani, wasimngojee kwenye mavuno. Nikasema pole, ila mimi ni fundi wa umeme. Mwalimu akasema, "Fundi, ni taa yako inayomwondoa."

Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wagumu. Kwao, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwa chuki, ni kwa heshima. Mkamwana akimsikia mzee anakuja anaacha njia, akiwa karibu anajifunika, na haketi kamwe mahali ambapo jicho la mzee linaweza kumkuta. Wao ni Wakristo, kanisani wanakwenda, lakini hiyo wameirithi na wanaishika. Walipokuwa na koroboi mezani hapakuwa na shida yoyote. Koroboi inaangaza sahani. Mzee alikaa kwenye kiza cha kona yake, mama akapita kwenye kiza cha ukuta wa pili, akaweka chakula, akaingia chumbani na mtoto wake, kila mtu ana joto na kila mtu ana heshima zake.

Kisha nikaja mimi na jua.

Tangu siku ile mama hawezi kupita kwenda chumbani kwake. Anabaki na mtoto katika jiko la nje. Mzee akaligundua hilo, akasema si haki mama wa mtoto akae nje kwa sababu yake, akawa anatoka yeye, anakaa kibarazani na blanketi ili mama apite. Mama naye akijua mzee yuko nje na mapafu yale, anakataa kuingia, ili mzee arudi. Mzee harudi mpaka mama aingie. Kwa hiyo kila jioni nyumba inawaka peupe, na ndani hakuna mtu ila mwalimu na madaftari, na kikohozi kinasikika kutoka nje pande zote mbili, maana mtoto naye ameanza.

Nikamwambia azime. Akasema alizima juzi, na mzee aliona vibaya sana. Alisema taa ya mwanawe isizimwe kwa ajili yake, heri azimike yeye. Ndipo akaanza kufunga mzigo.

Niliona haya, sitaki kuwaficha. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo na wewe fumba jicho, na mimi nilikuwa nimekwenda na macho yangu mawili na balbu juu yake. Jambo baya zaidi, waya nilikuwa nimeukata. Waya ni kama ulimi, ukishaukata huurefushi. Mwingine ulikuwa unakuja na lori la Jumatatu.

Ijumaa asubuhi fundi Mgaya akafika. Nilimweleza yote huku nikitegemea atasema chochote. Akakaa juu ya sanduku, akawasha kiko. Akavuta mpaka kikaisha. Kisha akaniuliza kama nilimwona mama akirudi nyuma mlangoni. Nikasema nilimwona, ila nilidhani anaogopa umeme. Akaniuliza kama nilimuuliza. Nikasema sikumuuliza, nilimfundisha.

"Mke wangu ni wa Tukuyu," akasema. "Baba yangu aliishi nasi miaka minne. Hawakuwahi kuonana, na aliyemlilia zaidi siku alipokufa ni yeye."

Tukaenda Iyunga.

Mzee alikuwa hospitali na mwanawe, wanarudi alasiri. Fundi Mgaya akautoa waya mrefu wa taa niliyokuwa nimeifunga kibarazani, maana kuunga waya wa kuning'inia ni marufuku, na ninyi nikiwaona mnaunga nitawatandika na uzee wangu huu. Akachonga kibao cha mti, kidogo kama kidole gumba, akakitoboa matundu mawili, akapitisha waya ukazunguka na kurudi, sawasawa na kile kibao cha kukazia kamba za hema ambacho alikijua jeshini. Ukikisukuma juu, taa inashuka. Ukikisukuma chini, taa inapanda. Hakuna kukata tena. Kisha akachukua debe tupu la mafuta ya taa, akalikata, akalikunja kofia ndefu yenye kina, nyeusi nje na nyeupe ndani, mwanga usiwe na mahali pa kwenda ila chini.

Alimwomba bwana mashine atuwashie robo saa mchana ule. Tukaziba madirisha kwa mablanketi. Kisha akamwomba Tusekile khanga, akanipa mimi.

Nikauliza ya nini. Akasema, "Wewe leo ni mkamwana. Jifunike, shika sufuria, pita ukutani."

Yeye akaketi kwenye kiti cha mzee. Nikapita. Akasema anakiona kidevu changu, nishushe taa. Nikaweka sufuria chini, nikasukuma kibao, nikajifunika tena, nikapita. Akasema anayaona mabega. Nikashusha. Akasema natembea kama askari, mama hatembei hivyo, na kimo kinabadilika, nipite polepole nimeinama. Nikapita nimeinama. Mlangoni walikuwa wamekusanyika wake wa walimu wanne au watano, khanga midomoni, na nyuma yao Tusekile mwenyewe, mabega yanamtikisika. Mwanaume wa Kihehe, mwenye suruali ya pasi. Nilipita mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja fundi Mgaya akasema, "Sasa naona miguu tu."

Nikamuuliza Tusekile kama miguu ina ubaya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza kitu. Akafikiri, akasema miguu si kitu, miguu hata njiani inaacha alama.

Kisha tukabadilishana, nikakaa mimi kitini, yeye Mgaya akasimama anapoingilia mama, kuhakikisha kwamba na yeye mama hamwoni mzee uso. Maana heshima ina pande mbili, na taa moja inatakiwa itosheleze zote. Fundi akachora mstari wa penseli kwenye waya. Kutoka mezani hadi ukingo wa kofia ilikuwa mkono mmoja na vidole vinne. Hicho si kipimo cha kitabu chochote.

Jioni mashine ikawashwa. Mwalimu alimwingiza baba yake kwa kumbembeleza kwamba aingie kuaga tu. Mzee akasimama mlangoni na fimbo, mzigo wake umefungwa tayari pale pembeni. Akalitazama lile duara la mwanga juu ya meza, na kiza kizuri kilichozunguka ukutani. Akaenda akakaa kwenye kona yake, akaugeuzia ukuta uso wake, akangoja. Sisi mafundi tulikuwa kibarazani, tunachungulia kama wezi. Sijawahi kuogopa kazi yangu kama siku ile.

Miguu ikaingia. Ilipita ukutani polepole, ikasimama mezani, mikono miwili ikatokea kwenye mwanga, ikaweka sufuria, ikatoweka. Miguu ikaenda mlango wa chumbani. Tukasikia mtoto analazwa. Mzee bado ameutazama ukuta, kisha akasema kitu kwa sauti, kwa Kinyakyusa, akimwambia mwanawe. Fundi Mgaya akaninong'oneza maana yake.

"Mwambie mama wa mtoto kwamba Jumamosi siendi popote."

Fundi Mgaya akawasha kiko. Mimi nilisema nimeingiwa na moshi machoni, naye hakubisha.

Mzee alimaliza sindano zake. Akapenda kubaki, wakaishi hivyo. Niliporudi kukagua nyumba zile mara kwa mara, nilikuta ule mstari wa penseli umefutika kwa vidole, maana jioni kukiwa na wageni walikuwa wanaipandisha taa, na mzee akiingia mwalimu anaishusha, bila mtu kumkumbusha mwenzake. Mzee alifariki mwaka wa tatu, kwa uzee wake, kitandani mwake, kwenye joto.

Miezi michache baada ya mazishi nilipata habari kwamba mke wa mwalimu ananiita. Nikadhani kuna hitilafu. Nikapanda Iyunga na ngazi na sanduku. Tusekile alinipokea mlangoni, hajajifunika. Akasema anaomba nimpandishie taa. Nikamwonyesha kile kibao, nikamwambia, mama, hii unaisukuma tu mwenyewe kwa kidole, huhitaji fundi. Akasema anajua. Alitaka ampandishie yule aliyeishusha.

Nikapanda ngazi, nikaisukuma mpaka juu kabisa, na kofia nikaitoa. Mashine ilikuwa imeshawashwa. Sebule ikawa peupe kama ile siku ya kwanza, kona zote, mpaka kile kiti cha pembeni ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekiondoa. Tusekile akaja katikati, akasimama chini ya mwanga. Akakitazama kile kiti. Nadhani alikuwa hajawahi kukitazama wazi hivyo, kina mkono mmoja uliochubuka mahali mzee alipokuwa anaegemeza fimbo. Akakigusa pale palipochubuka. Hakulia. Alisimama tu, uso mzima kwenye taa, muda ambao mtu angekunywa chai.

Kisha akasema, "Ishushe, fundi. Irudishe palepale."

Nikarudisha kofia, nikaishusha. Mkono mmoja na vidole vinne.

Nilipofika mjini, msimamizi akaniuliza nilikuwa na kazi gani Iyunga jioni nzima. Nikamwambia nilikwenda kurekebisha taa. Akauliza sasa iko futi ngapi. Nikamwambia iko ilipokuwa.